Namna ya Kuwashirikisha Wanakijiji Kuamua Kipi Kitafitiwe Kwanza: Mwongozo wa Utafiti wa Afya Mtwara na Lindi

Mwaka 1952 ulizuka katika uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, ugonjwa wa homa ulioandamana na maumivu ya viungo makali kiasi cha mgonjwa kushindwa kusimama wima. Jina la ugonjwa huo lilitokana na Kimakonde, likiwa na maana ya kitu kinachomkunja mtu, na kirusi kilipotambuliwa katika damu ya wagonjwa wa huko kikaingia vitabuni kwa jina hilohilo: chikungunya. Leo linatamkwa na madaktari wa Brazili na India ambao pengine hawajapata kusikia habari za Newala. Naanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mambo mawili kwa pamoja: kwamba watu wa vijijini huuona ugonjwa na kuueleza kabla mtafiti hajashuka garini, na kwamba utafiti huweza kuondoka na damu yao na neno lao bila kuwauliza wao wenyewe wangependa kujua nini.

Mwongozo huu ni kwa watafiti, wanafunzi wa shahada za juu, timu za usimamizi wa huduma za afya za halmashauri na asasi zinazotaka wanakijiji wa mikoa hii miwili wawe na sauti katika kuchagua mada za utafiti. Sizungumzii namna ya kuwaomba wakubali kujibu dodoso lililokwisha kuandikwa. Hilo ni suala la ridhaa, nalo lina taratibu zake. Nazungumzia hatua iliyo nyuma ya hapo, wakati ukurasa wa maswali bado ni mweupe. Azimio la Helsinki, ambalo tangu 1964 ndilo dira ya maadili ya utafiti wa tiba duniani, lilirekebishwa Oktoba 2024 na sasa linataka jamii ziwezeshwe kueleza vipaumbele vyao na yale wanayoyathamini, na kushiriki katika kubuni utafiti na kuutekeleza. Kwa hiyo anayekiona kikao cha kijijini kama hisani anayoitoa akipata nafasi amepitwa na wakati.

Jipime kabla ya kwenda

Jiulize kwa unyofu ni kiasi gani cha uamuzi kiko wazi. Ikiwa mfadhili ameshasema fedha ni za malaria tu, usiwaambie watu kwamba umekuja kusikiliza matatizo yao yote ya afya. Waambie kwamba fedha ni za malaria, na kwamba ndani ya malaria wao ndio watakaosema wapi panawauma zaidi. Watu hawakasirishwi na mpaka uliotajwa mapema, ila hukasirishwa na mpaka wanaougundua siku ya tatu. Niliwahi kuwa mwandishi wa kumbukumbu katika kikao cha aina hii ambamo orodha ya vipaumbele ilikuwa imepigwa chapa usiku uliotangulia, na kazi yetu ilikuwa kuwaongoza wazee wafike palipokwisha kufikiwa. Mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi aliuliza kwa upole: «Wanangu, mmekuja kutuuliza au kutusomea?» Hatukuwa na jibu, na kikao kile kwa haki kabisa hakikuzaa kitu.

Kumbuka pia kwamba hutakuwa wa kwanza kufika. Tangu miaka ya 2000, Lindi Vijijini, Nachingwea, Ruangwa, Newala na Tandahimba zimekuwa uwanja wa tafiti kubwa za malaria ya watoto wachanga na za uhai wa vichanga. Ziko kaya ambazo zimehojiwa mara kadhaa, na swali la kwanza utakaloulizwa huenda likawa ni nini kilitokana na waliotangulia. Jiandae kulijibu: soma kilichochapishwa kuhusu eneo hilo, kieleze kwa Kiswahili chepesi, na ukianze kikao kwa kuwapa wao matokeo ya wengine. Ni njia nzuri zaidi ya kujitambulisha kuliko vitambulisho vyenye picha.

Vibali si vya kuchezea. Hata kama hutachukua tone la damu, mradi unakusudia kuandika na kuchapisha yale yatakayosemwa, omba kibali cha maadili kupitia kamati inayohusika, ama ya chuo chako ama ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Mtafiti kutoka nje ya nchi anahitaji vilevile kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Barua hushuka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kwa Mkurugenzi wa Halmashauri na Mganga Mkuu wake, kwa mtendaji wa kata, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Usiiruke ngazi hata moja kwa kuwa unafahamiana na ngazi ya juu. Mtendaji wa kijiji ambaye hakupata barua hana sababu ya kupiga mbiu kwa ajili yako.

Kalenda ya kijiji ndiyo kalenda yako

Kazi hii huharibika mara nyingi kwa sababu ya tarehe kuliko kwa sababu ya mbinu. Mvua za kusini ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei, na katika miezi hiyo familia nyingi huhamia mashambani, wakilala kwenye vibanda na madungu kulinda mazao dhidi ya nguruwe na nyani. Mvua zikikatika inaingia kazi ya kupulizia mikorosho, takriban Mei au Juni hadi Agosti, kisha kuokota korosho kuanzia Septemba au Oktoba, kisha minada ya vyama vya msingi ambayo huwatoa wanaume kijijini kwa siku kadhaa. Likizo za shule za Juni na Desemba ni za jando na unyago katika vijiji vingi, na siku ambayo mwali anatoka usitegemee mtu yeyote aje kukaa chini ya mwembe kujadili utafiti. Ijumaa mchana ni ya msikitini, na mwezi wa Ramadhani vikao virefu vya mchana si uungwana.

Pwani, kutoka Kilwa hadi Mikindani na Msimbati, tazama pia mwezi angani. Wakati wa bamvua wanawake wanaochokoa pweza wako mwambani maji yanapokupwa, na hutawapata. Subiri maji mafu. Ni jambo dogo, lakini linaamua kama kundi hilo litasikika au litaandikwa katika ripoti kuwa halikuhudhuria.

Kwa hiyo usipeleke tarehe, peleka swali la tarehe: mwulize mwenyekiti wa kijiji na wenyeviti wa vitongoji ni wiki ipi inafaa, kisha ujenge ratiba yako kuzunguka jibu hilo. Kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, na hupaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Tumia mkutano huo kujitambulisha na, baadaye, kurudisha matokeo. Usiutumie kukusanyia maoni. Watu mia mbili wakiwa mbele ya diwani hawasemi kinachowasumbua usiku.

Nani akae, na akae na nani

Anza na walio karibu na zahanati: kamati ya usimamizi wa kituo cha huduma za afya, mganga mfawidhi, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wakunga wa jadi. Hawa watakupa ramani ya mambo. Lakini usiishie kwao, kwa sababu wameshazoea lugha ya semina na watakuambia kile ambacho semina iliyopita iliwafundisha.

Gawa makundi ya watu wanane hadi kumi na wawili: wanawake wenye watoto wadogo peke yao, wanawake watu wazima, vijana wa kiume, vijana wa kike, wazee wa kiume, na kundi la kazi maalumu kama wavuvi au wapuliziaji wa mikorosho. Katika kundi la wanawake watu wazima, watafute makungwi na manyakanga wa unyago. Hao wanajua mambo ya hedhi, mimba na ndoa za mapema ambayo hayamo katika daftari la zahanati, na neno lao likiunga mkono shughuli yako, milango ambayo hukujua kama ipo itafunguliwa. Waendee kwa adabu inayostahili: shikamoo kwanza, habari za nyumbani, na mazungumzo ya kazi baadaye. Kiongozi wa kikao ambaye ni kijana awaite bibi na babu, na mama aitwe kwa jina la mtoto wake kama ilivyo desturi, si «mshiriki namba tano».

Kisha wapo wasiofika kikaoni kabisa: mwenye ulemavu anayeishi mbali na barabara, mwanamume mwenye busha anayeona haya kukaa mbele za watu, mama anayeuguza. Hao huendewa nyumbani, na muda wa kuwaendea uingizwe katika bajeti tangu mwanzo. Mpeleke pia mtu anayejua Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua kulingana na eneo. Kweli Kiswahili kinasikika kila mahali, lakini bibi wa miaka sabini anayeeleza maumivu ya tumbo atayaeleza kwa lugha aliyolelewa nayo, na katika tafsiri ya haraka ndimo maana zinamopotea.

Kuhusu posho nasema kwa kifupi: nauli na chai vitajwe kiasi chake kabla ya siku ya kikao, viwe sawa kwa wote, mwenyekiti akiwemo, na vilipwe mbele ya watu.

Kuuliza bila kuuliza vipaumbele

Ukiuliza «vipaumbele vyenu vya utafiti ni vipi?» utajibiwa maji, barabara, dawa na gari la wagonjwa, nawe utaandika kwamba jamii haielewi utafiti. Kosa ni la swali. Neno utafiti lenyewe linahitaji dakika chache za maelezo, na mimi hulieleza kupitia shamba: mkulima anapotenga miti kumi ya mikorosho akaipulizia tofauti na mingine ili aone mavuno, anatafiti, kwa sababu anatafuta jibu asilokuwa nalo na anaweka namna ya kulipata. Baada ya hapo maswali yawe ya maisha. Mara ya mwisho mtu alipougua sana nyumbani kwenu, mlianzia wapi na mkaishia wapi? Ni ugonjwa gani mmeuzoea kiasi kwamba hamwendi nao zahanati? Ni mwezi upi watoto huugua zaidi?

Swali ninalolithamini kuliko yote ni hili: ni jambo gani la afya ambalo hapa kijijini mnabishana juu yake? Palipo na ubishi wa kweli, mara nyingi jibu halijulikani au halijafika, na pote pawili panamhusu mtafiti. Waache wabishane mbele yako, na mwandishi wako aandike maneno yao kama yalivyosemwa. Asiandike «changamoto za mfumo wa upumuaji» mtu aliposema kifua kinambana kila akitoka kupulizia.

Saidia mazungumzo kwa kuchora. Ramani ya kijiji ichorwe chini kwa majivu na vijiti, watu waweke majani penye visima, madimbwi, mashamba na nyumba zenye wagonjwa. Kalenda ya mwaka ipangwe kwa punje za mahindi, nyingi kwa mwezi wenye homa nyingi. Usitumie korosho kwa zoezi hili, kwa sababu korosho ni fedha, na hesabu haitatimia jioni.

Wasikilize hasa wanapotaja jambo lisilo la kawaida. Julai 2022 wilayani Ruangwa walianza kufika zahanati watu wenye homa na kutokwa na damu puani. Ilipothibitika kuwa ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria utokanao na mkojo wa wanyama, taarifa ya serikali ilitaja wagonjwa 20 na vifo 3. Dalili ya namna hiyo huonwa kwanza nyumbani, na jirani, na mhudumu wa afya wa kitongoji. Kikao chako kiwe mahali ambapo mtu anaweza kusema «kuna kitu kimeanza kutokea kwetu» bila kukatwa kauli kwa sababu hakimo katika ajenda.

Kutoka lalamiko hadi swali

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi wanapopita mbio. Baada ya siku mbili utakuwa na mambo arobaini au sitini kwenye karatasi za bango kitita. Tandika nyungo tatu chini na uwape washiriki wenyewe kadi wazigawe. Ungo wa kwanza ni wa huduma: dawa hazitoshi, muuguzi ni mmoja, zahanati haina maji. Hayo hayahitaji utafiti ila utekelezaji, na usiyatupe. Yaandike kwa mpangilio, mkabidhi mwenyekiti wa kamati ya kituo nakala, na nyingine kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri. Ungo wa pili ni wa elimu, yaani mambo ambayo jibu lake lipo ila halijafika. Pwani, kwa mfano, wapo wanaoamini kwamba mabusha hutokana na kunywa madafu, ilhali inajulikana kwamba minyoo ya matende na mabusha huenezwa na mbu. Usicheke. Eleza kwa heshima, au bora mganga mfawidhi aeleze, kisha usikilize tena, maana nyuma ya imani hiyo huenda pakajitokeza swali lingine lisilo na jibu jepesi: kwa nini mtu huishi na busha kwa miaka mingi hata pale upasuaji unapotolewa?

Ungo wa tatu ni wa utafiti, nao mwanzoni huwa na kadi chache na zisizo wazi. Chukua ile ya kupulizia mikorosho dawa ya salfa. Mtu amesema: «Salfa inatumaliza.» Mwulize nani anayemalizwa, na utasikia kwamba ni vijana wanaobeba mashine ya kupulizia, lakini pia watoto kwa sababu mikorosho imezunguka nyumba. Uliza ni nini hasa kinachotokea, nao watataja macho kuwasha, kikohozi, ngozi kubabuka. Uliza hali hiyo hudumu muda gani, na hapo watagawanyika, wengine wakisema huisha msimu ukiisha, wengine wakisema kifua hakirudi tena kama zamani. Uliza wamejaribu nini: kitambaa kilicholoweshwa, kupulizia alfajiri upepo ukiwa umetulia, maziwa. Kufikia hapo lalamiko limeshageuka kuwa maswali matatu yanayoweza kutafitiwa: je, kifua cha mpuliziaji hupungua nguvu baada ya misimu kadhaa, je, mtoto anayeishi katikati ya mikorosho hupata kikohozi zaidi katika miezi hiyo kuliko anayeishi mbali nayo, na je, kipi kati ya vile ambavyo watu wameshajaribu kinafaa kweli. Yasome kwa sauti na uulize kama ndilo walilokuwa wanalisema. Wakikusahihisha, shukuru na ufute.

Namna hiyohiyo, «vyandarua havisaidii» hugeuka, ukichimba, kuwa swali la wanaolala mashambani msimu mzima ambako chandarua hakina pa kutundikwa. Kwamba chandarua chenye dawa huzuia malaria ni jambo lililothibitishwa zamani. Kwamba familia inayolala dunguni ijikinge vipi ni swali lililo hai.

Kupanga kwa haki

Kabla ya kura, kubalianeni vigezo na viwe vichache: jambo linawapata wangapi, linaumiza kiasi gani, jibu likipatikana kuna anayeweza kulitendea kazi, na nani atasahaulika lisipochaguliwa. Kigezo cha mwisho huwa kinapuuzwa. Mpe kila mtu punje kumi za mahindi azigawe atakavyo kwenye vikombe vilivyobandikwa picha ya kila swali, na vikombe vikae nyuma ya pazia au ndani ya darasa tupu, mtu aingie peke yake. Kura ya kunyosha mikono humfuata mwenyekiti, na wake humfuata mume, hata kama kila mmoja atakana.

Hesabu za makundi zisichanganywe. Ukijumlisha punje zote, swali la wanawake wenye watoto wachanga litazama chini ya wingi wa wengine. Ziandike safu kwa safu ili ionekane wazee wameweka nini kwanza na wasichana wameweka nini, kisha wajumbe wawili kutoka kila kundi wakae pamoja wazungumzie tofauti hizo hadi wapate orodha ya maswali matano au zaidi kidogo. Mtafiti katika kikao hiki ana kazi moja tu, kueleza lipi tayari lina jibu na lipi halitafitiki kwa fedha na muda uliopo, nayo aieleze kwa sababu, bila kura.

Majina yasiingie katika kumbukumbu, wala picha za watu wenye maradhi ya aibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kijijini mtu hutambulika hata kwa kutajwa kitongoji na umri.

Kurudi

Orodha ikishakubaliwa, iandike kwa Kiswahili kwenye karatasi ya manila: swali, kundi lililolitoa, nani amelichukua, na safu ya mwisho iliyo tupu ya kile kilichofanyika. Ibandikwe ofisi ya kijiji na zahanati. Nakala ipelekwe kwa Mganga Mkuu wa Halmashauri mapema, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza 1 Julai na Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Orodha inayofika Mei haina pa kuingia. Waombe wajumbe wawili au watatu wa kijiji wabaki kuwa wasimamizi wa orodha, wakiwa na haki ya kukupigia simu na kuuliza imefikia wapi.

Baada ya miezi sita rudi katika Mkutano Mkuu wa Kijiji, hata kama fedha hazikupatikana, na ujaze ile safu mbele yao kwa kalamu. Penye «bado» andika bado, na ueleze ombi lilipelekwa wapi na likakataliwa kwa sababu gani. Safari hiyo ya kurudi igharimiwe tangu siku unapoandika bajeti ya kwanza, kwa sababu baada ya hapo hakuna atakayekupa fedha za kwenda Tandahimba kusema kwamba hujapata kitu.